Mshika Kamba

Mtu niliyetamani afe tangu nina miaka tisa aliniomba nimbatize siku ya Krismasi. Nilimjibu, "Kwa furaha kubwa, mzee." Hapo sikusema uongo hata kidogo.

Naitwa Wesley Matiko Mirumbe. Nilijiunga na Wamormoni Mwanza nilipokuwa nakaa kwa mjomba, na mwaka tulioomba kwenda misheni tulikuwa vijana watatu. Mmoja alitumwa Ghana, wa pili Afrika Kusini. Barua yangu ilifunguliwa mbele ya kanisa zima ikasema Kenya, na nilipofika Kenya nikapangiwa Migori. Kutoka Migori mpaka kwa mama yangu, nje kidogo ya Tarime, ni saa moja na ushee, foleni ya mpakani ukiihesabu. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Wao wamepanda ndege kwenda ng'ambo, mimi nimetumwa kwa jirani kama mtu anayeazima chumvi. Lakini mmisionari haruhusiwi kutoka nje ya eneo lake kwa miaka miwili, hata kama anauona moshi wa jikoni kwao. Kwa hiyo nilikuwa ughaibuni kama mtu yeyote aliye ughaibuni, na Desemba ilipoanza niliumwa na hamu ya nyumbani mpaka nikakosa usingizi.

Sheria nyingine ni kwamba hatuachani. Mwenzangu alikuwa Elda Hatch, kijana mrefu wa kutoka Idaho, Marekani, mwenye Kiswahili cha kitabuni na moyo mweupe kupita kiasi. Nikienda dukani, yupo. Nikienda chooni, anasubiri mlangoni na mwavuli. Wote tulikuwa na miaka ishirini, na watu wa Migori walifurahi sana kutuita Elda, maana walijua neno hilo kwa Kiingereza ni mzee, na sisi hatukuwa na hata ndevu.

Siku moja ya Novemba mvua ilitushika karibu na soko. Mwanamume mmoja alitupungia mkono kutoka kwenye kibanda cha mashine ya kusaga. Alikuwa mweupe kwa unga kuanzia kope mpaka viatu.

"Elda! Nyinyi wawili! Kujeni mjikinge hapa."

Tukaingia. Akazima mashine ili tuweze kusikilizana, akafuta viti viwili kwa kofia yake, akanipa mkono.

"Karibuni. Mimi naitwa Motari."

Niliushika ule mkono, na kabla sijajizuia nikaugeuza kiganja kikawa juu. Kilikuwa laini.

"Unasoma mkono, Elda?" akauliza, akitabasamu.

"Naangalia unga," nikasema.

Baba yangu aliitwa Matiko, na alichimba dhahabu Osiri, hukohuko Migori. Kwenye mashimo madogo ya pale watu hufanya kazi wawili wawili: mmoja anashuka, mwingine anabaki juu ameshika kamba. Anayeshika kamba haendi kula, haendi kujisaidia, hapokei simu, mpaka mwenzake atoke. Asubuhi moja ya Aprili baba alishuka, na aliyebaki na kamba alikuwa Motari. Mvua ikanyesha, maji yakaanza kuingia. Mchimbaji wa shimo la jirani, aliyekuwa amenaswa shimoni mwake mpaka walipomvuta, alikuja kutusimulia kwamba alimsikia baba akiliita jina la Motari kwa masaa mawili, akisema maji yamefika kifuani. Alipotolewa akakimbia kuangalia. Aliikuta kamba imelala kwenye tope, haina mtu, na udongo wa shimo umeshaporomoka.

Motari ndiye aliyetuletea viatu vya baba, vile alivyovivua juu kabla ya kushuka. Alisimama uani kwetu akasema, "Mama, nilivuta mpaka kamba ikanishinda." Mama hakulia. Alimwomba mkono, akaugeuza kiganja juu. Mtu aliyevuta kamba yenye mtu mzima mpaka ikamshinda, viganja vyake huchunika. Vya Motari vilikuwa laini kama vya mtu aliyetoka kunywa chai. Mama akauachia ule mkono. Nilikuwa nimesimama kando yake, nikaona yote. Mazikoni Motari hakuja, na hatukumwona tena.

Miaka kumi na mmoja baadaye nilikuwa nimekaa kwenye kiti alichonifutia kwa kofia yake. Hakuweza kunijua, nilijiambia. Kibandiko changu kifuani kilisema Mirumbe tu, jina la babu, na huko mashimoni baba alijulikana kwa Matiko. Isitoshe, nani humkumbuka mtoto aliyesimama kando ya mjane?

Alitaka kufundishwa. Nami nikamfundisha kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu yeyote. Elda Hatch alinisifu katika ripoti yake ya wiki. Maskini Hatch! Hakujua kwamba kila jioni nilitoka kwenye kile kibanda nikiwa nimeuma ndani ya mashavu mpaka yanatoka damu. Motari alikuwa na afya. Alikuwa na meno yake yote. Alikuwa na mke, Mong'ina, aliyetuletea uji wa wimbi na kutuita wanangu, na mjukuu mdogo aliyelala juu ya magunia. Kila kitu alichokuwa nacho nilikihesabu kuwa cha baba yangu.

Siku ya somo la toba nilimuuliza, nikimkazia macho, "Kuna jambo lolote linalokulemea?"

Aliitazama mashine yake. "Liko moja," akasema. "Lakini si la kusema hapa."

Nikamchukia zaidi. Hata kwa Mungu alikuwa akichagua pa kusemea.

Wazo lilinijia siku alipouliza kama sisi tunanyunyiza maji au tunazamisha. Sisi tunazamisha mwili wote. Mbatizaji anaweka mkono mmoja mgongoni kwa mtu, mwingine anaushika mkono wake. Mtu anakwenda chini mbatizaji anapotaka, na anarudi juu mbatizaji anapotaka. Nilipomweleza hivyo Motari, sauti yangu ilitetemeka, na Hatch akafikiri ni Roho. Tangu siku hiyo nikaanza kuzamisha uso wangu kwenye beseni na kuhesabu. Nilifika themanini. Mzee wa miaka sitini mwenye unga kwenye mapafu hawezi kufika themanini. Sijisifu. Naeleza jinsi ilivyokuwa.

Kiongozi mmoja mmisionari alikuja kutoka Homa Bay kumhoji, kama ilivyo kawaida. Kuna swali kwenye orodha yake kuhusu makosa makubwa ya jinai. Motari alilijibu akapita. Orodha ile haina swali la kuachia kamba. Alipoulizwa anataka nani ambatize, maana ni haki ya mtu kuchagua, alinyoosha kidole kwangu.

Siku ya Krismasi tulikodi gari tukaenda Sindo, ziwani, kanisa letu dogo la Migori karibu lote, watu kama thelathini, pamoja na kuku, chapati, na sufuria za wali. Tulichagua sehemu ya ufuo yenye mchanga, mbali kidogo na nyavu za kuanikia dagaa, na wavuvi wakatuhakikishia kwamba viboko siku hiyo wako upande mwingine. Jua lilikuwa kali. Mimi na Motari tukavaa nyeupe. Saa sita na nusu tukaingia majini mpaka maji yakatufika kiunoni, na watu wakaimba wimbo wa kuzaliwa kwa Bwana.

Katika ubatizo wetu lazima wawepo mashahidi wawili, na kazi yao ni kuhakikisha kwamba hakuna kitu kilichobaki nje ya maji, hata kidole, hata upindo wa nguo. Kikibaki, inarudiwa. Shahidi mmoja alikuwa Elda Hatch. Wa pili alikuwa Sista Phelesia, mama mnene wa Kijaluo anayeuza dagaa sokoni Migori, aliyewahi kumrudishia mtu ubatizo mara nne kwa sababu ya mkia wa gauni. Aliingia majini mpaka magotini, akakunja mikono, akatukodolea macho.

Niliinua mkono, nikalitaja jina lake kamili, kama inavyotakiwa: Motari Arasa Ongeri. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimelitaja jina hilo peke yangu tu, nikiwa nimekunja ngumi. Nikamaliza sala, nikamzamisha. Na hapo, kwa haraka yangu, nikateleza kidogo, nikamtoa mapema.

"Kidole ya mguu imebaki juu," Sista Phelesia akatangaza. "Rudia."

Watu wakacheka kwa upendo. Motari akapangusa uso, akacheka pia. Kicheko chake ndicho kilichonimaliza. Nikalitaja jina tena, nikamaliza sala tena, nikampeleka chini, na safari hii nikakaza mikono yote miwili kifuani kwake. Nikaanza kuhesabu.

Moja, mbili, tatu. Nilikuwa namwona chini ya maji, macho wazi, yananitazama. Kumi. Wimbo ukakatika ufuoni. Nilisubiri ahangaike, nilitaka ahangaike, nilitaka aite jina la mtu. Kumi na tano. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu, lakini haukushika, umelala tu kama mkono wa mtu aliyesinzia. Ishirini. Hatch aliita, "Elda?" Ishirini na tano. Kwa nini hapigani? Nilikuwa nimemngoja mtu wa kupigana naye, sasa nilikuwa nakandamiza gunia. Thelathini na moja. Nikamvuta juu.

Alikohoa mpaka akainama. Kisha, kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia, akasema, "Matiko alikuwa na hayo masikio. Vile yamesimama. Siku ile ya mvua niliona hayo masikio yakipita nje, nikajua ni mtoto wake. Ndio nikawaita."

Nilikuwa bado nimemshika mkono.

"Nilienda kunywa chai," akasema. "Mvua ikakuja nikiwa kwa mama wa chai. Nilimsikia akiniita. Miguu ikakataa, nikasimama hapo tu. Nilidanganya mama yako. Hakuna kitu kingine, ni hiyo tu." Akaufuta mdomo kwa kiganja chake laini. "Sasa malizia. Vile ulikuwa unataka, malizia."

"Goti imebaki nje!" Sista Phelesia akapaza sauti. "Hiyo haijahesabika. Na wewe Elda, unabatiza mtu ama unaloweka nguo?"

Sijui kama nitaweza kueleza hasira iliyonipata. Alinijua. Alikuwa amenipakulia uji akinijua. Kisasi changu chote, nilichokilea kama mtoto, alikuwa amekiona tangu mwanzo, na sasa ananipa kama zawadi ya Krismasi. Ningemzamisha, ningekuwa namtimizia haja yake. Ningembatiza, angetoka pale msafi, aende akale kuku. Nikaona kitu kimoja tu kilichobaki mkononi mwangu, nacho kilikuwa mkono wake.

Nikauachia. Nikampa kisogo, nikatembea mpaka ufuoni, nikakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Ilikuwa saa saba kasoro robo.

Watu wakashangaa. Hatch akanijia mbio, uso mwekundu. "Elda Mirumbe, kuna tatizo gani?" Nikamwambia sibatizi. Akaniangalia, akaona kwamba sitanii, akasema basi yeye ataibatiza ile nafsi, akarudi majini. Nilimwona akizungumza na Motari, na Motari akitikisa kichwa. Hatch akarudi, amechanganyikiwa.

"Amekataa. Anasema atakusubiri wewe."

"Asubiri."

Mke wake, Mong'ina, akamwita atoke. Hakutoka. Wazee wa kanisa wakamsihi. Hakutoka. Mwishowe watu wakasogea kivulini kupakua chakula, kwa sababu njaa haijui aibu ya mtu, lakini kila mmoja alikula akiwa amegeukia ziwani. Mong'ina hakula. Alisimama ukingoni na taulo. Sista Phelesia alitoka majini, akavuta ndoo, akaikalia palepale ufuoni, akasema yeye ni shahidi na shahidi haondoki kabla ya kazi kwisha. Kila baada ya dakika chache aliniangalia.

"Omera, ndugu yangu," akanipigia kelele, "huyo mtu alikukosea nini?"

Nilikuwa namtazama Motari. Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza, mawimbi yakampiga kutoka kiunoni mpaka mbavuni. Alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, mkono wake wa kulia ameuinua kidogo, kama vile nimeuachia sasa hivi na hajaambiwa aushushe. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi.

Saa nane ilikuwa zamu yangu ya kupiga simu nyumbani. Wamisionari wote wanaizungumzia simu ya Krismasi kuanzia Oktoba. Hatch alinipa simu, akakaa kando yangu mtumbwini, maana hatuachani. Uso wa mama ukatokea, nyuma yake moshi na masufuria. Mama ni Mkatoliki, alikuwa ametoka misa na kitambaa chake kizuri bado kiko kichwani.

"Krismasi njema, mwanangu. Umekonda. Hao Wazungu hawakupi ugali?"

"Mama," nikasema, "nimempata Motari."

Tabasamu likamtoka. Nikamwambia yote: mashine ya kusaga, masomo, sala, thelathini na moja, chai. Lile neno la chai nililirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alisema hakusikia, ingawa nadhani alisikia. Hatch alikuwa ameinamisha kichwa. Kiswahili cha kitabuni kinatosha kuelewa mambo kama hayo.

"Yuko wapi sasa?" mama akauliza.

Nikageuza simu, nikamwonyesha ziwa, na ile nguo nyeupe katikati ya maji. Akasogeza uso karibu na simu.

"Maji yamemfika wapi?"

"Mbavuni. Wimbi likija, kifuani."

"Amesimama hapo tangu saa ngapi?"

"Saa saba kasoro robo."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Nikatazama saa ya Hatch. "Saa nane na robo."

Mama alifunika sufuria moja, akavuta kigoda, akakaa. "Baba yako aliita masaa mawili," akasema. "Bado nusu saa."

Hakukata simu. Nami sikukata. Tulikaa hivyo, yeye Tarime na mimi Sindo, tukimwangalia mtu yuleyule. Mara moja magoti ya Motari yalilegea akazama mpaka shingoni, akajiinua. Mong'ina akapiga yowe. Hatch aliinuka, mama akasema kwenye simu, kwa upole kabisa, "Kijana, kaa," na Hatch akakaa. Nilidhani nusu saa ile ingekuwa tamu kuliko zote nilizowahi kuishi. Dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu. Baadaye nikaanza kufikiria jinsi masaa mawili yalivyo marefu, na jinsi yalivyokuwa marefu kwa mtu aliyekuwa gizani, ambaye hakuwa na mke ukingoni wala taulo. Nikalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mama aliniona, hakuniambia ninyamaze.

Saa tisa kasoro robo akauliza, "Imetimia?"

"Imetimia."

"Haya. Nenda ukamvute."

Nikampa Hatch simu, nikaingia majini. Midomo ya Motari ilikuwa ya kijivu, meno yanagongana. Hakuniomba msamaha, nami sikumpa. Sijampa mpaka leo. Nililitaja jina lake lote, nikasema maneno yote, nikamzamisha taratibu mpaka nikaona kila kitu kimeingia, nywele, goti, vidole vya miguu, upindo wa shati. Miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu kabisa. Nilipoanza kumwinua alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, akanielemea, na kwa sekunde moja nilihisi tunazama wote. Hapo ndipo aliponishika. Alinishika kiganja kwa nguvu zake zote, kucha na vyote, kama mtu anayetaka sana kuishi, nami nikavuta mpaka akatoka.

"Yote imeingia!" Sista Phelesia akatangaza, akasimama kutoka kwenye ndoo yake.

Mong'ina akamfunika taulo. Hatch alikuwa amesimama ukingoni ameinua simu, na uso wa mama ulikuwa bado umo.

"Nionyeshe viganja vyako," mama akasema.

Nikaviweka mbele ya kamera. Cha kulia kilikuwa kimechunika chini ya kidole gumba, damu inatoka kidogo na kuchanganyika na maji ya ziwa. Mama akakitazama kwa muda mrefu.

"Haya," akasema. "Nenda ukale, mwanangu." Akakata simu.